Mke Mwenzangu, Nakuandikia Juu ya Punda Wako

Mwadila! Nakuamkia kwa salamu yako ya Kisukuma, mke mwenzangu!

Nimeolewa. Nakuambia hilo kabla ya jingine lolote, ingawa huenda vigelegele vilikufikia huko uliko. Nimeolewa na Masanja, mjukuu wako, yule uliyemlea tangu mama yake alipofariki, yule uliyekuwa ukimwita "mume wangu" mbele ya watu wote mpaka mwenyekiti wa kijiji anacheka. Ni wangu sasa. Nimeliandika neno hilo, "wangu", nikalitazama kwa furaha, halafu nikakumbuka ninayemwandikia. Ungelikata papo hapo na kuandika juu yake "wetu".

Bibi, nina furaha ambayo hakuna mwalimu wa sekondari aliyewahi kunifundisha. Asubuhi nikimsikia anakohoa uani natabasamu peke yangu jikoni kama mwehu. Jioni nikimwona anatokea upande wa shamba la kijiji na jembe begani, moyo unanidunda kana kwamba hatulali nyumba moja. Ana namna ya kusema "Kabula", anaivuta ile "bu" ya katikati, hata jina nililokuwa nalichukia nikiwa shuleni sasa naliona zuri kuliko majina yote ya Usukumani.

Ungedhani mwanamke mwenye furaha hivyo hana la kumlalamikia marehemu. Ninalo. Nina wivu nawe, Bibi. Na nina wivu na punda wako.

Usicheke. Wewe ndiye uliyeanza. Unakumbuka siku tuliyoonana, ile moja tu tuliyojaliwa? Nilikuja na dada yangu kukusalimu. Nilivaa viatu vyangu vya shule, nimevipaka rangi mpaka vinang'aa, nikitaka nionekane msichana wa maana. Tulikukuta nyuma ya nyumba, kibuyu cha maji ya moto mkononi, unamhudumia Doto. Nikapiga magoti kukuamkia. Hukuitikia. Ulinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, ukasema, "Huyu ndiye anayetaka kuninyang'anya mume?"

Dada yangu akaangua kicheko, maana anaujua utani wa bibi na mjukuu. Mimi pia niliujua. Nikasema, "Ndiyo, Bibi, ni mimi." Ukasema, "Basi simama umshike punda wangu sikio. Anayemwogopa punda wangu hamwezi mume wangu."

Nikamshika. Akanikanyaga kiatu, akakaa juu yake kwa raha zake, na mimi sikuliachia sikio huku machozi yananilenga. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa, ukakaa kwenye kinu. "Mke mwenzangu," ukaniita, "utaweza." Sijawahi kupewa sifa iliyonipendeza kama ile, na kiatu kile hakikung'aa tena kamwe.

Nilipokuwa nimelishika lile sikio nilikiona kidonda chake kwa mara ya kwanza. Kilikuwa juu ya mabega, pale mgongo unapoanzia, kipana kama kiganja, na usaha ulikuwa unatoka. Masanja alinisimulia baadaye kilikotoka. Mwaka wa kuhamia kijijini ulikubali kuacha nyumba, minyaa yote uliyoipanda kuzunguka kaya yenu ya zamani upande wa Kasoli, hata kuku waliokuwa juu ya miti wakikataa kushuka. Ulichokataa kuacha ni jiwe lako la kusagia. Likafungwa juu ya shogi, yale magunia mawili yanayoning'inia ubavuni mwa punda, nalo likamsugua Doto njia nzima. "Tulipofika," ulipenda kusema, "mimi nilikuwa na jiwe, Doto alikuwa na shimo."

Kwa hiyo ulimwosha. Kila asubuhi na kila jioni, maji ya moto na chumvi. Kwanza ulimsalimu, "Mwadila, Doto," ukangoja asogeze sikio, ndipo ukaanza. Na siku ulipougua, walipokupandisha kwenye gari la pamba kukupeleka hospitali, hukuagiza habari ya kuku wala ya jiwe. Ulitoa kichwa dirishani ukamwambia Masanja, "Mume wangu, usiache kumwosha Doto mpaka nirudi."

Hukurudi. Tulikuzika kule kule kwenye kaya ya zamani, katikati ya minyaa, kama ulivyotaka. Sikuwa mke wake bado. Nilisimama nyuma pamoja na wasichana wengine na sikuwa na haki ya kumfuta machozi. Hilo nalo nakudai.

Sasa sikiliza yaliyotokea tangu nilipoingia humu.

Jioni yangu ya kwanza kama mke katika nyumba hii nilipika wali, nikautia samli, nikajifunga kanga mpya, nikakaa mlangoni. Masanja akaja. Nikainuka. Akanitabasamia lile tabasamu linalonimaliza, akanipita, akaenda nyuma ya nyumba. Nikamsikia anasema, kwa sauti ya upole ambayo nilidhani Mungu ameiumba kwa ajili yangu, "Mwadila, Doto."

Punda alisalimiwa kabla yangu! Nikajiambia ni siku moja. Haikuwa siku moja. Ilikuwa kila jioni, na kila asubuhi pia. Kuni zangu zinachemsha maji yake. Chumvi yangu, ambayo unajua jinsi ilivyo adimu dukani, inaingia kwenye kibuyu chake. Masanja anamwosha, anamsugua kwa kitambaa mpaka pawe pekundu na damu ichuruzike kidogo, huku anamsimulia habari za shambani: nani kategea, pamba imefunguka kiasi gani, mwenyekiti kasema nini. Akimaliza anaingia ndani amechoka, na mimi nikimwuliza, "Habari za shamba?" ananijibu, "Nzuri tu."

Nzuri tu! Habari zote amezimaliza kwa punda.

Jirani yetu Mayu Shija, unayemjua mdomo wake, alinikuta kisimani akaniambia mbele ya wanawake wote, "We Kabula, mke mkubwa anaoga maji ya moto, wewe unaoga ya baridi. Ulitolewa mahari ya nini?" Walicheka, nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani nilimtazama Doto vibaya sana.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba kidonda hakikupona. Nilingoja, Bibi. Nilijiambia kikipona jioni zitakuwa zangu. Nilikichungulia kila siku kama mtu anayechungulia mahindi kama yameota. Asubuhi ningeona ukingo wake umetoa ngozi changa, nyembamba, ya waridi. Jioni Masanja angesugua, na ngozi ile ingeondoka na kitambaa. Kesho tena. Kilikuwa hakina usaha tena, hakikunuka, lakini kilikaa vile vile, kibichi, kana kwamba kimetoka kwenye jiwe lako jana. Nilimwambia Masanja, "Labda ungempumzisha." Akanijibu bila hasira, "Bibi alisema nisiache." Mtu aliye hai nabishana naye. Wewe ningebishana nawe wapi?

Halafu kijiji kilimchagua Masanja aende Shinyanga kwenye kozi ya jembe la kukokotwa na ng'ombe. Nililia, nikamkaangia karanga za njiani, nikamfulia shati mara mbili. Naye alipokuwa anaaga alinishika mkono, akaniangalia machoni kwa muda, nikadhani sasa anasema lile neno la kunifariji usiku wote nitakaokuwa peke yangu. Akasema, "Kabula wangu, maji yawe ya moto kiasi cha mkono kuvumilia. Chumvi kiganja kimoja. Usugue mpaka pawe pekundu."

Nikasema, "Nimesikia."

Na nilikuwa nimesikia kweli. Lakini gari lilipopotea kwenye vumbi nilirudi nyumbani, nikakitundika kibuyu ukutani, nikamwambia Doto, "Mimi sikuja hapa kumwogesha mke mwenzangu." Sikumwosha jioni ile. Sikumwosha asubuhi yake. Sikumwosha hata mara moja, Bibi, na nakuambia kwa mdomo mpana kwa sababu kama ningekuwa mtu mwema Doto angekuwa na kidonda mpaka leo.

Ila sheria yako ni kwamba Doto hafungwi shogi kabla ya kuoshwa. Basi hakufungwa shogi, na maji nikayabeba mwenyewe, debe kichwani, kutoka kisimani mpaka hapa, shingo ikinikaza. Doto alisimama kivulini ananitazama nikipita, akitafuna. Mayu Shija hakukosa nafasi. "Makubwa! Mke mkubwa kivulini, bibi harusi anabeba debe!" Nikamjibu, "Mwache, yuko kwenye arobaini yake." Siku hiyo walicheka upande wangu.

Inzi ndio walionishinda. Nina wivu, lakini sina roho ya fisi. Niliona wanavyomwandama, anavyotikisa ngozi bila mafanikio, nikaponda majani ya mwarobaini, nikayachanganya na samli, nikampaka pembeni mwa kidonda kwa ncha ya kidole, nimesimama mbali kama anayempaka simba. "Usidhani nakupenda," nikamwambia. Akaniwekea sikio begani.

Kisha kikaanza kukauka. Kiliweka kigaga cheusi, na chini ya kigaga, pembeni, ile ngozi ya waridi ikawa haiondoki, inasonga ndani kidogo kidogo kutoka kila upande, kama watu wanaokaribia moto. Kikamwasha. Akawa anataka kujisugua kwenye nguzo za zizi, nikazifunga nguzo kwa magunia ya pamba. Sasa jione: niliyeapa kutomgusa nilikuwa naamka kabla ya jogoo kwenda kuangalia kama magunia yamekaa sawa. Lakini nia yangu ilikuwa ile ile. Nilikuwa nawaza: kipone, kipone upesi, mume wangu akija hana pa kwenda ila kwangu.

Masanja alirudi jua likiwa limeelekea kuzama. Nilikuwa nimesuka nywele, wali uko tayari, kanga ni ile ya harusi. Aliteremka kwenye gari, akaniona, akatabasamu. Akanipita, Bibi. Akaenda nyuma ya nyumba. "Mwadila, Doto."

Nilimfuata nimejaa ushindi. Alikuwa amesimama na mkono hewani, hajamgusa. Kidonda kilikuwa kimebaki kidogo kama jani la mwarobaini, kikavu, safi. Nikasema kwa sauti ya juu, "Sikumwosha hata siku moja!"

Nilitegemea asante. Labda nilitegemea kubebwa juu. Masanja aliketi chini pale pale mavumbini na shati lake la safari, akasema, "Sasa Bibi akirudi ataosha nini?"

Mwanamume mzima. Aliyekushusha kaburini kwa mikono yake.

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Halafu akapandwa na hasira, ya kwanza tangu tuoane. "Alisema aoshwe mpaka arudi. Wewe ni nani wa kukata maneno yake?"

Na neno ulilonipa ukiwa umekaa kwenye kinu ndilo lililonitoka. "Mimi ni mke mwenzake," nikamwambia. "Na siku ile nilipolishika sikio, nilimwona anavyofanya. Hakusugua. Alidondosha maji kwa kibuyu, taratibu, usaha ukashuka nao. Alikuwa anaosha usaha, Masanja. Usaha umekwisha zamani. Wewe unaosha ngozi. Angekuwepo angekwisha kukunyang'anya hicho kibuyu na kukupiga nacho."

Akanitazama. Nikaongeza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia na nilitaka kumaliza, "Aliye hai hubadili amri yake akiona mambo yamebadilika. Marehemu habadili. Inabidi sisi tumbadilishie."

Doto alishusha kichwa akamnusa utosini, na hapo Masanja akalia, si kwa sauti, mabega tu. Nikaketi mavumbini na kanga yangu ya harusi. Sikumgusa. Nilimwacha akulilie. Na ndipo nilipokuonea wivu wa kweli, si ule wa kisimani. Niliwaza: mwanamke huyu amekufa, na bado kuna mtu aliyekataa kidonda kifunge kwa sababu kikifunga basi amekufa kweli. Je, mimi nitapendwa hivyo? Sijui, Bibi. Naandika leo bado sijui, na usiku nikimtazama amelala najiuliza.

Wali tuliula umepoa. Alimaliza wake wote. Halafu, ukitaka kujua, alinisimulia Shinyanga nzima: ng'ombe aliyelala katikati ya mtaro akakataa kuamka, mwalimu wa kozi aliyeogopa ng'ombe, bweni lenye kunguni. Alisimulia mpaka taa ikaishiwa mafuta. Hakubakiza hata habari moja kwa ajili ya punda.

Tulikiacha kidonda kimalizike chenyewe. Ilimwia vigumu. Jioni alikuwa akienda nyuma na mikono mitupu, hajui aifanyie nini, basi nikawa naenda naye. Yeye anasema "Mwadila", mimi nashika sikio, na tunasimama hivyo tunaongea, watu watatu. Siku Doto alipofaa tena kubeba maji, niliogopa shogi isije ikapatonesha. Nikafikiria ngata, ile tunayojisokotea kichwani chini ya debe, kwamba punda naye asokotewe yake, kubwa, yenye tundu katikati, ili mzigo ulale pembeni na pale pabaki huru. Nilikuwa natafuta kitambaa kinene. Masanja akaingia ndani, akatoka na kanga yako ya zamani, ile yenye rangi ya ugoro, aliyokuwa ameifungia sandukuni na mimi naiona kila nikitafuta shuka na kununa. Akanipa mwenyewe. Nikaisokota. Imemkaa vizuri.

Na sasa ndiyo habari yenyewe iliyonifanya nikae niandike. Wiki hii manyoya yameota juu ya kovu. Unamjua Doto, kijivu cha majivu mwili mzima. Pale palipokuwa na kidonda hayakuota ya kijivu. Yameota meupe, meupe pe, kama kichwa chako.

Masanja ndiye aliyeona kwanza. Aliniita, "Kabuula, njoo!" Nikatoka mbio mikono ina unga. Alikuwa anayapapasa yale manyoya kwa vidole viwili. Hakulia. Alitabasamu lile tabasamu langu, akasema, "Si nilikwambia? Amerudi."

Na mimi nimesimama pale, bibi harusi, nywele nyeusi kama makaa, nimepaka mafuta, nikaona wivu juu ya mvi za punda.

Basi mke mwenzangu, nakuaga kwa leo, maana maji ya chai yanachemka na ni ya kwetu wawili. Lala salama kwenye minyaa yako. Jiwe lako lipo, nalitumia kusagia karanga, na nakuahidi halitapanda tena mgongoni mwa Doto hata kijiji kihamishwe mara mia. Nakuahidi na jambo jingine, ambalo Masanja hajalijua bado. Tunalijua wewe, mimi na Doto, niliyemwambia jana sikioni. Mtoto akiwa wa kike, atachukua jina lako. Najua ninachojitakia: Masanja atakuwa akimwita "Bibi", atamsalimu kabla yangu kila jioni, na mimi kwa tumbo langu mwenyewe nitakuwa nimejizalia mke mwenza.

Njoo tu. Nitakushikia Doto sikio.

Ni mimi, mke mdogo,
Kabula